Vyombo Vilivyooshwa Mara Mbili

Kama yupo mwizi aliyewahi kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe kwenda kugusa mali yake mwenyewe, basi ni Mama Chiriku. Kila mchana alimsubiri mama mkwe wake aingie chumbani kwa usingizi wa baada ya chakula, akavua ndala, akaenda jikoni kwa ncha za vidole, akafungua kabati polepole kwa sababu bawaba moja ilikuwa na tabia ya kulalamika, kisha akaanza kutoa sahani moja baada ya nyingine. Bomba alilifungua kidogo tu, maji yakawa uzi, yasipige kelele kwenye karai. Halafu akaosha. Vyombo hivyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa, kufutwa na kupangwa, na aliyeviosha alikuwa amelala nyuma ya ukuta. Akimaliza alivirudisha kama alivyovikuta, sahani kubwa chini, ndogo juu, vishikio vya vikombe vikielekea dirishani.

Moyo ulikuwa ukimdunda muda wote huo. Mtu anaosha sahani jikoni kwake, mchana kweupe, na bado anageuka kila ubao wa dari unapolia. Aliona aibu, na haki yake aone.

Tusimhukumu lakini kabla hatujamjua. Mama Chiriku alikuwa mwoka mikate. Aliondoka nyumbani jogoo la kwanza likiwa bado linasafisha koo, akashinda mbele ya tanuri, akarudi adhuhuri akinuka hamira. Mumewe alikuwa fundi umeme, mtu wa ngazi na nyaya, ambaye kurudi kwake kulitegemea taa za watu. Mtoto wao wa pekee alikuwa darasa la kwanza, na jina la Chiriku alipewa na jirani kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo. Siri ikimfikia Chiriku imefika sokoni. Wa nne katika nyumba ile alikuwa mama mkwe, mama mzazi wa fundi, ambaye Chiriku alimwita Bibi na sisi tutamwita hivyohivyo.

Bibi alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Kupika alipika, lakini sifa zake zilikuwa kwenye kuosha. Masufuria ya shule ile, yale ambayo mtoto angeweza kuingia ndani akajificha asionekane, yalitoka mikononi mwake yaking'aa hata mwalimu mkuu akawa anawapitisha wageni jikoni kuyaona. Watu wakimtania kwamba jungu kuu halikosi ukoko, alijibu, "Hilo jungu halijapita kwangu."

Siku aliyohamia kwa mwanawe, nyumba yake ya zamani ilipokuwa imemzidi nguvu, alisimama katikati ya jiko hata begi lake halijafunguliwa. "Mimi si mgeni," alisema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu mimi ni dodoki. Vyombo vya nyumba hii ni vyangu, na mtu asiniguse."

Hakuna aliyemgusa. Na alikuwa na sheria zake. Bilauri kwanza, maji yakiwa bado hayajaona mafuta. Kisha vijiko, kisha vikombe, kisha sahani, na sufuria mwisho, na waya wa kusugulia usikaribie kitu kingine chochote isipokuwa hiyo sufuria. Karai moja la povu, karai la pili la maji safi. Na sheria kuu kupita zote: chombo hakiachwi kikauke chenyewe. Chombo chenye maji ni mwaliko wa mende, alisema Bibi. Kila kitu kilifutwa kwa kitambaa kikavu mpaka kikawa kikavu kabisa, ndipo kikaingia kabatini.

Wakati fulani fundi alikuja na habari kwamba tajiri mmoja aliyekuwa akimfanyia kazi anabadilisha mashine yake ya kuoshea vyombo, na ile ya zamani yuko tayari kumpa bure, ni kuibeba tu. Mama Chiriku alishusha pumzi. Aliona mlango wa kutokea umefunguliwa na wala si yeye aliyeufungua. Bibi akaweka kijiko chini.

"Mashine inajua uji umegandia wapi?"

"Inamwaga maji ya moto kila mahali, mama," alisema fundi. "Haihitaji kujua."

"Haihitaji kujua," Bibi alirudia, akamtazama mwanawe kwa huruma. "Na mimi nitashinda nafanya nini humu ndani? Nivute kiti niitazame ikifanya kazi yangu?"

Fundi akacheka, mashine ikaenda kwa mtu mwingine, na mlango ukafungwa.

Kwa maana wakati huo Mama Chiriku alikuwa amekwisha kuijua shida. Aliijulia kwenye kikombe. Mwenzake wa kazini alikuja kumtembelea, akamiminiwa chai, na ndani ya kikombe, juu kidogo ya chai, kulikuwa na pete ya kahawia ya chai ya jana. Mgeni aliiona. Kwa kuwa ana adabu zake, alikigeuza kikombe akanywea upande wa pili, akaendelea na hadithi. Mama Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Mgeni alipoondoka alifungua kabati akavipeleka vyombo dirishani kimoja kimoja. Sahani zilikuwa na utelezi wa mafuta. Kijiko kilikuwa na punje ya wali iliyokauka ikawa ngumu. Vyote vikavu, vyote vimepangwa kwa ustadi, na karibu nusu vichafu.

Ni macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunika Bibi, na kwa vile alizijua kuta za nyumba ile kwa mabega yake na uchochoro wa kwenda shule kwa nyayo zake, hakuna aliyejua ni kwa kiasi gani. Yeye mwenyewe aliuita ukungu wa asubuhi, hata saa ya jioni. Mtu aliona ni mtu, sahani aliona ni sahani. Utando wa mafuta juu ya sahani hakuuona tena.

Angekuwa mama yake mzazi, Mama Chiriku angesema, "Mama, hii chafu," angerushiwa dodoki, wangecheka, mambo yangeisha. Lakini mkwe ni mkwe. Unamwambiaje mkweo, ambaye wageni walipitishwa jikoni kuona masufuria yake, kwamba mmekuwa mkila kwenye uchafu? Ulimi ulikataa. Na kibaya zaidi ni kwamba Bibi alikuwa akiuliza. Kila siku, akishafunga kabati, akishatundika kitambaa, alisema, "Mama Chiriku, hebu njoo uvitazame. Viko sawa?"

"Viko sawa, mama. Vinang'aa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, mama."

Hapo Bibi aliridhika, akajinyoosha mgongo, akaenda kulala. Naye mkaza mwana akavua ndala.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama Chiriku aliijua mithali hiyo tangu utotoni, ila ilimtaja mwana, haikumtaja mkwe, na hapo akajipa ruhusa. Alijiambia kwamba ni heshima. Alijiambia kwamba hakuna anayeumia. Sahani zilikuwa safi, mzee alikuwa na furaha, na yeye alikuwa amechoka tu kidogo, na kuchoka hakujamuua mtu.

Lakini kuna jambo moja alilolifanya ovyo. Usingizi wa Bibi haukuwa mrefu, kwa sababu alikuwa na kazi ya kumchukua Chiriku shuleni, pale mwisho wa uchochoro, ambako hakukuwa na barabara ya kuvuka. Kuosha kulitaka muda, na kusuuza kulitaka muda, kwa hiyo kufuta ndiko kulikopunjwa. Mama Chiriku alivipangusa vyombo kijuujuu, vingine hata hakuvipangusa, akavirudisha kabatini vikiwa na maji. Akitoka kazini ameinua masinia ya mikate tangu alfajiri, maji kidogo kwenye sahani hakuyaona kuwa kitu.

Bibi akaanza kubadilika. Kwanza Chiriku ndiye aliyelalamika, kwamba hadithi za Bibi siku hizi zinakatika katikati, anafika kwa zimwi halafu anasema zimwi limechoka, tulimalize kesho. Kisha Bibi akaacha kuwasha jiko. Alisema moshi. Kisha akaacha kwenda shuleni kumchukua mtoto, akasema miguu, na Mama Chiriku akawa anakwenda mwenyewe. Alikuwa akimuuliza Chiriku leo ni siku gani, na akijibiwa alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyefanya mtihani akapata. Siku nyingine alionekana amesimama mbele ya kabati la vyombo, mkono juu ya mlango, hafungui.

"Uzee," alisema fundi kwa huzuni.

"Uzee," alikubali Mama Chiriku. Na kwa kuwa tumekwisha kumwanika, tumwanike mpaka mwisho: kwamba Bibi sasa alikaa chumbani muda mrefu zaidi kulimpa nafasi ya kuosha bila haraka, na siku za mwanzo alifurahi.

Siku moja mchana Bibi alimwita chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, viganja juu ya magoti.

"Funga mlango, mwanangu. Kaa."

Mama Chiriku akakaa kwenye kigoda.

"Nataka kukwambia jambo, na mwanangu wa kiume asilijue kwa sasa. Nina ugonjwa wa dada yangu."

"Ugonjwa gani, mama?"

"Wa kichwa. Wewe hukumkuta. Dada yangu alianza na vitu vidogo. Anasema nimefunga mlango, mlango uko wazi. Anasema nimetia chumvi, hakutia. Tukamcheka. Mwisho akawa hawajui watoto wake, wakamkuta barabarani pekupeku, anauliza kwao ni wapi." Bibi alivigeuza viganja vyake. "Mimi imeanzia kwenye vyombo."

Mama Chiriku alikishika kigoda kwa mikono miwili.

"Nafuta vyombo," alisema Bibi. "Nafuta kila kimoja, kwa mikono hii, nakisikia kimekauka, nakitia kabatini. Nalala. Naamka, nachukua bilauri ninywe maji, bilauri imelowa. Nagusa sahani, imelowa. Mara ya kwanza nilidhani paa linavuja. Nikawa nafuta kwa makini zaidi, najisemea kwa sauti, hiki nimekifuta, hiki nimekifuta. Naamka, vimelowa. Basi sikuvifuta. Nadhani tu nilivifuta. Na kama naweza kudhani hivyo juu ya sahani, nitadhani nini juu ya moto? Nitadhani nimemchukua mtoto shuleni, kumbe mtoto amesimama getini."

Huo ndio ulikuwa wakati. Neno lilikuwa pale pale, mdomoni, lingetoka kwa pumzi moja. Mama Chiriku akafungua mdomo.

"Labda ni unyevunyevu tu, mama. Jiko letu halipati hewa."

Bibi akatabasamu. "Unyevunyevu. Haya." Akampapasa goti. "Nimekwisha kuzungumza na wifi yako. Anakuja kunichukua Jumamosi. Kwake watu ni wengi, halikosi jicho la kunitazama. Mume wako nimemwambia nakwenda kubadilisha hewa. Wewe ndiye nakwambia ukweli, kwa kuwa wewe hujawahi kunificha kitu."

Mama Chiriku alitoka mle chumbani, akaingia msalani, akafunga mlango, akauma kanga yake ili sauti isitoke.

Sasa ungedhani alitoka msalani akaenda kusema. Hakwenda. Alitafuta njia ya kuponya bila kukiri, na waoga wana akili nyingi sana katika kutafuta njia. Aliamua kuacha kuosha. Vyombo vikikutwa vikavu, alijiambia, Bibi ataona amepona, Jumamosi itafutwa, na hakuna atakayejua. Kwa hiyo wakala kwenye sahani zenye mafuta. Fundi aliinua ya kwake kwenye mwanga akaanza kusema, "Hii sahani mbona," na mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza hata akasahau sentensi yake.

Siku ya pili Bibi alitoka chumbani mchana, akagusa bilauri, akagusa sahani, akasimama.

"Leo vikavu," alisema.

"Umeona, mama?" Mama Chiriku alisema, na moyo wake ukapaa. "Hakuna ugonjwa."

"Dada yangu naye alikuwa na siku zake nzuri," alijibu Bibi. "Siku nzuri ndizo zilizotudanganya." Akarudi chumbani kuendelea kukunja nguo zake.

Kazini Mama Chiriku aliunguza sinia zima la mikate. Msimamizi wake, mwanamke mpole ambaye hajawahi kumfokea mtu, alimuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa, naye akasema hapana, halafu akasema ndiyo, halafu akalia juu ya unga. Mikate iliyoungua iliishia kuwa chakula cha kuku wa mtu. Yeye alirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima akijipanga, na kila alipojipanga alikuta kisingizio kimemsubiri kwenye kona. Bibi amesema mume asijue, basi ni siri, basi afadhali kunyamaza. Wifi ana nyumba kubwa, basi labda kule kuna raha. Mtu akitaka kutosema, dunia nzima humpa sababu. Kilichomsimamisha ni jambo dogo. Chiriku, akiwa anavua viatu mlangoni, aliuliza, "Mama, ni kweli Bibi atanisahau?"

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Amesema akinisahau nisilie, nimwambie tu jina langu tena."

Ilikuwa Ijumaa. Mama Chiriku alimtuma mtoto kwa jirani, akaingia chumbani kwa mama mkwe bila kubisha hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Begi lilikuwa kitandani, limejaa. Akapiga magoti sakafuni akasema yote, haraka, akitazama miguu ya mzee: kikombe cha mgeni, macho, bomba, ndala, maji aliyoyaacha kwenye sahani. "Ulivifuta, mama. Kila siku ulivifuta. Ni mimi niliyekuwa navilowesha. Kichwa chako hakina kitu. Nisamehe."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama akamshika kidevu.

"Asante, mwanangu," alisema kwa upole. "Una moyo mzuri. Tangu siku ya kwanza nakuona una moyo mzuri. Nilipounguza mboga ulisema tamu. Nilipokushonea lile gauni likaenda upande ulisema ndiyo mtindo. Sasa unanitungia hili ili niende nikiwa na amani. Nimekusikia."

"Mama, si uongo."

"Nimekusikia."

Mama Chiriku alibaki pale chini. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa machozi, hata kwa kofi. Kwa kutokuaminiwa hakuwa amejiandaa, na hana wa kumlaumu, kwa maana sifa zile tamu tamu alizitoa mwenyewe, moja moja, mpaka ukweli wake ukawa unafanana nazo. Akaona kwamba imebaki njia moja tu, na ni ile aliyoikimbia tangu mwanzo.

Akainuka, akamshika Bibi mkono, akampeleka jikoni. Akatoa kabatini sahani ambayo Bibi aliiosha mchana ule ule. Akaukamata mkono wa mama mkwe, akakitoa kidole cha shahada kama unavyomshika mtoto anayejifunza kuandika, akakiburuta juu ya sahani kutoka ukingoni mpaka katikati. Kidole kiliteleza.

"Hii umeiosha wewe leo, mama. Mimi sijaigusa."

Bibi alikisugua kidole hicho na gumba. Akakirudisha kwenye sahani mwenyewe, safari hii polepole. Kisha akanyoosha mkono kabatini akachukua nyingine, akapapasa. Akachukua kikombe, akatia kidole ndani, akaifuata ile pete ya chai kwa ukucha. Akachukua kijiko. Mama Chiriku alitaka kumwambia basi, inatosha, ila alijua hana haki ya kusema basi. Alisimama akamtazama mwanamke yule akivipitia vyombo vyake vyote, rafu ya juu na ya chini, na kila alichokigusa alikiweka mezani kando, mpaka meza ikajaa na kabati likabaki karibu tupu.

Bibi akavuta kiti akakaa.

"Kumbe ni macho," alisema.

"Ni macho, mama."

"Macho tu."

"Macho tu."

"Macho yana daktari," alisema Bibi, na hapo akaanza kucheka, kicheko chembamba kilichomtikisa mabega, na kabla hakijaisha kilikuwa kimekwisha kuwa kilio. Mama Chiriku alimshika, naye hakujitoa.

"Unajua nilikuwa nafanya nini mle chumbani," Bibi alisema baadaye, akifuta uso kwa upindo wa nguo, "wakati wewe huku unaosha? Nilikuwa nayataja majina yenu. Kimoyomoyo, kabla usingizi haujanichukua, nisije nikaamka yamekwenda. Dada yangu alianza kusahau watu wa karibuni, wa zamani wakabaki. Kwa hiyo wewe nilikuwa naanza nawe. Wewe, kisha mtoto, kisha mume wako. Kila siku."

Ukuta ni mmoja. Upande mmoja mtu anataja jina lako asilipoteze, upande wa pili wewe unafungua bomba kidogo asikusikie. Hilo Mama Chiriku atakufa nalo.

"Nilikuuliza," alisema Bibi. "Kila siku nilikuuliza. Viko sawa?"

"Ndiyo, mama."

"Sikuuliza kwa kutaka kusifiwa. Nilikuwa naona ukungu. Nilikuwa naazima macho yako."

"Najua, mama. Sasa najua."

Bibi akaitazama meza iliyojaa, au upande ilipokuwa meza. "Kesho nitakwenda," alisema.

"Lakini mama, si umeona huna ugonjwa?"

"Nimeona. Siendi kwa ugonjwa. Wifi yako ana mdomo mchafu kuliko hizi sahani, unamjua. Nikikosea atanigombeza mbele ya wageni. Lakini nitajua nimekosea. Hapa kwako nitajuaje? Ukiniambia chakula kitamu, nitajuaje? Ukiniambia nimependeza, daktari amesema nitapona, nitajuaje ni ukweli ama ni adabu zako? Mimi nataka mtu wa kunigombeza, Mama Chiriku."

"Nitakugombeza mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Bibi akakunja mikono kifuani. "Haya. Nigombeze basi nisikie."

Mama Chiriku akachukua sahani moja mezani. Akaigeuza. Jasho lilimtoka, mtu ambaye hushinda mbele ya tanuri. "Mama, samahani," alianza, "kama haitakuwa usumbufu, naona kama hii sahani labda..."

"Huko si kugombeza, huko ni kunibembeleza. Begi langu liko kitandani."

Mama Chiriku akajaribu tena, ulimi ukagoma tena. Mara ya tatu sauti ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Mama, hii sahani chafu. Rudia."

Hajawahi kumwamuru mama mkwe wake kitu tangu aolewe, na masikio yake mwenyewe yalimwaka.

"Lete," alisema Bibi.

Alisimama, akajaza karai, akatia sabuni, akalitafuta dodoki kwa kupapasa akalipata. Akaisugua ile sahani kwa nguvu zake zote za shule ya bweni, ndani na nje, akaisuuza kwenye karai la pili, akaifuta mpaka ikakauka. Kisha akainyoosha mbele, kuelekea sauti ya mkaza mwana wake ilipokuwa.

"Sasa?"

Mama Chiriku akaipokea, akaipeleka dirishani. Ilikuwa inang'aa. Ila pembeni kabisa, kwenye ukingo, dodoki lilikuwa limeruka sehemu, na utando wa mafuta ulibaki pale, mdogo, wa upana wa ukucha. Kwa kidole kimoja angeweza kuufuta bila mtu kujua. Nyuma yake Bibi alikuwa amesimama anasubiri, mikono inachuruzika maji, uso umeinuka.

"Bado, mama," alisema, na machozi yakamtoka. "Hapa ukingoni. Bado."

Bibi akanyoosha mkono, akairudisha sahani majini.

"Mpigie wifi yako," alisema, akisugua. "Mwambie asije."